Goti Linalotoka Saa Kumi

Siku za mwanzo, goti jipya la mke wangu halikutupa shida yoyote. Alipanda ngazi za nyumba yetu bila kushika ukuta. Aliinama akaokota kijiko kilichoanguka, akakiangusha tena kwa makusudi, akakiokota, akacheka peke yake jikoni. Kwa miaka mingi amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, na gegedu la goti la kulia, ule mto laini unaokaa katikati ya mifupa, lilikuwa limesagika kabisa. Usiku alilala na mto wa kweli katikati ya miguu, na mimi nikalala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Baada ya upasuaji mto ulirudi kichwani, nami nikarudi mahali pangu.

Kazini wanamwita Mama Pasi. Mimi namwita mama tu, kama watoto walivyokuwa wakimwita kabla hawajaondoka kila mmoja na maisha yake.

Goti lile halikununuliwa. Lilioteshwa. Katika maabara iliyo nyuma ya hospitali walichukua seli chache za mke wangu, wakazipanda ndani ya jeli, wakazilisha mpaka zikashikana. Jeli yenyewe ilibuniwa na mwanamke mmoja ambaye udaktari wake si wa watu, ni wa vitu: plastiki, mpira, chuma na kadhalika. Tulimwita Daktari wa Vitu, naye hakukataa.

"Jeli hii ina kumbukumbu," alituambia siku ya kwanza. "Ukiikunja mara nyingi, inazoea. Inakuwa ngumu panapobeba uzito, laini pasipobeba. Kwa hiyo hatuwezi kuiweka mwilini ikiwa changa. Lazima kwanza ifundishwe kutembea."

"Nani anaifundisha?" nikauliza.

"Kuna mashine."

Mimi ni fundi wa vioo vya madirisha. Kazi hii sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kuvunja, na tangu hapo sipendi kukisemea kitu kabla sijakipima vizuri. Nikakubali kwamba kuna mashine.

Mke wangu alirudi kazini. Siku hiyohiyo alasiri simu yangu ikalia. Alikuwa msimamizi wake wa chumba cha kufulia.

"Mzee, mkeo ametoka na pasi."

"Pasi gani?"

"Ya umeme. Alikuwa katikati ya shuka, akaiacha shuka akaondoka. Pasi imechomoka ukutani. Sasa hivi anaburuta waya barabarani."

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa kitandani, pasi mapajani.

"Sikutoka mimi," alisema. "Nilitolewa. Saa kumi ilipogonga tu, goti likanyanyuka, likapiga hatua. Ningefanya nini? Limeungana na mimi."

"Lilikupeleka wapi?"

"Nilishika mlingoti wa taa nikajizuia. Kuna mtu akaniuliza kama nimelewa."

Kesho yake nilifunga kazi mapema nikamsubiri kwenye kichochoro cha nyuma ya hoteli. Kichochoro hicho ndicho kinachotenganisha hoteli na hospitali. Mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia unatazamana na mlango wa nyuma wa maabara. Saa kumi mke wangu akatokea, safari hii bila pasi. Mguu wa kulia ulitangulia kwa uhakika kabisa, wa kushoto ukiufuata kwa kusitasita, kama mtoto anayeburutwa kwenda kunyolewa.

"Usinishike," alisema. "Tuone mwisho wake."

Nikamfuata kwa nyuma. Majirani wawili walituona, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mzee wa vioo siku hizi anamlinda mkewe. Mambo yameharibika." Nikawasalimu nikapita.

Goti lilikuwa na heshima zake. Kwenye kona lilisimama kuyapisha magari, ingawa magari hayakuwepo. Penye shimo la maji liliruka, na shimo lenyewe lilikuwa limezibwa na lami zamani. Lilikata kushoto kwenye duka la mapazia, likashuka mteremko, na mwishowe likasimama mbele ya duka la miwani.

Hapo ndipo lilipofanya kioja. Halikuingia, wala halikuondoka. Lilimpeleka mke wangu mbele kidogo, likamrudisha nyuma. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Wapita njia walianza kumzunguka kwa mbali. Halafu likageuka ghafla, likaondoka haraka kama lililofumaniwa, likatupeleka vichochoro viwili vitatu hadi kwenye mlango mmoja wa buluu, na pale mguu wa kulia ukavua kiatu wenyewe.

Nikabisha hodi.

Mlango ukafunguliwa na mwanamume mmoja mwembamba, mtu wa makamo, mkononi ameshika sufuria. Tulimfahamu. Alikuwa fundi wa maabara, yule anayeosha chupa na kuendesha mitambo. Wenzake walimpa jina la Samahani, kwa sababu humwomba radhi kila mtu na kila kitu. Nilishawahi kumsikia akiliomba radhi jokofu.

Alimtazama mke wangu, akalitazama goti, akakitazama kiatu kilichovuliwa mlangoni pake.

"Samahani," alisema.

"Bado hatujasema kitu," mke wangu alimjibu.

"Najua, mama. Karibuni."

Alitukalisha, akatueleza yote, huku ameikumbatia ile sufuria. Mashine ya kutembeza magoti ilikatika mkanda. Mkanda mwingine uliagizwa, haukufika. Na seli hazingoji mkanda. Zisipofanyishwa kazi, zinalegea zinakufa. Akaona haya kuziacha zife. Akalichukua goti la mke wangu likiwa ndani ya kifuko chake, akalifunga kwenye goti lake mwenyewe, chini ya suruali, akatembea nalo. Akaenda nalo kazini, akarudi nalo nyumbani, mpaka siku ya upasuaji.

"Lilipata joto zuri," alisema. "Na lilikuwa linakua vizuri kuliko yale ya mashine. Nikaona hamna ubaya."

"Na duka la miwani?" mke wangu akauliza.

Samahani akaitazama sakafu. "Pale nilikuwa napita tu. Tangu upasuaji napita njia ya mkato."

"Hukuwa unapita, mwanangu. Ulikuwa unasimama. Mimi ndiye niliyesimama leo, usinidanganye."

Masikio yake ndiyo yaliyojibu, yaligeuka rangi.

Asubuhi tulikwenda maabara wote watatu. Nilitarajia Daktari wa Vitu angefoka, lakini alivuta kiti akakaa, akamwambia Samahani arudie tangu mwanzo, na kila aliporudia yeye alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alilifunga goti kwa nyaya, akatazama mistari kwenye kompyuta.

"Goti haliwezi kujua barabara," alisema. "Linajua mizigo tu. Hapa panda, hapa shuka, hapa geuka. Likipata joto la mwili la alasiri, baada ya kutwa ya kazi, linaikariri njia yote." Akaonyesha mahali ambapo mstari ulikuwa umepinda vibaya. "Na hapa ndipo penye tatizo. Kila siku mtu huyu alianza hatua moja asiimalize. Jeli imebaki imejikaza palepale. Haitapumzika mpaka hatua ile iishe."

"Basi iachwe ijikaze," mke wangu alisema. "Mimi halinitii saa kumi, lakini saa nyingine zote haliniumi."

Daktari akavua glavu. "Mama, Ijumaa linakuja jopo la wakaguzi. Wao ndio wanaoamua kama goti hili linafaa watu. Wameshasikia habari za pasi. Wakiona halimtii mwenyewe, wataamuru litolewe."

"Litolewe liende wapi?"

"Kwenye chupa."

"Na mimi?"

"Utarudi kama ulivyokuwa."

Mke wangu alikunja goti, akalikunjua. Alilifanya hivyo mara kadhaa, polepole, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa nyumba aliyoambiwa ahame.

Alasiri ile tulikwenda kuimalizia hatua. Ilionekana ni kazi ndogo. Goti lilipofika dukani na kuanza mbele-nyuma yake, nikasubiri liwe mbele, nikamsukuma mke wangu mgongoni. Goti likaweka breki. Nikasukuma tena. Mwili ukaingia, mguu ukabaki nje, na mke wangu akawa amelala hewani kama ngazi iliyoegemezwa.

Mwenye duka akatoka. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito ya utulivu, miwani moja puani, nyingine kichwani, ya tatu ikining'inia kifuani.

"Mama, shikilia hapa," alisema, akamshika mikono akavuta. Mimi nikasukuma. Goti halikukubali. Mwishowe tuliachia wote, tukakaa kizingitini tukihema.

"Nisamehe kwa kuuliza," yule dada wa miwani alisema. "Siku za nyuma alikuwa akisimama hapa mwanamume mwembamba. Akatoweka. Sasa unasimama wewe. Nilidhani mmepokezana zamu."

Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamweleza. Alieleza vizuri kuliko Daktari, maana alikuwa akieleza kutoka ndani. Dada wa miwani alisikiliza, akafuta kioo cha miwani ya kifuani, akakirudisha.

"Mimi nilidhani ni mwizi," alisema. "Kisha nikaona mwizi gani anachelewa hivi. Nikadhani ni mtu wa kodi. Mwishowe nikamzoea. Alipoacha kuja nikaanza kutoka nje kumwangalia."

"Ulimpenda?" mke wangu akauliza.

"Dada yangu, mtu sijawahi kumsikia sauti. Nilimzoea, basi. Hata mlingoti wa taa ukiondolewa utauulizia."

Daktari wa Vitu aliposikia kwamba kusukuma hakukufaa, alifikiri kidogo akasema goti halimfuati mama, linamfuata aliyelilea. Kwa hiyo Alhamisi tulimleta Samahani mwenyewe. Alikuja na koti lake jeupe la kazini, amelifunga vifungo vyote. Wakasimama yeye na mke wangu bega kwa bega mbele ya dirisha la miwani, nami nikasimama kando na Daktari.

Samahani akaenda mbele kidogo. Mke wangu akaenda mbele kidogo. Samahani akarudi nyuma, mke wangu naye akarudi. Walikwenda pamoja hivyo, mbele, nyuma, sawasawa, kama wanakwaya. Ndani ya duka dada wa miwani alikuwa akimhudumia mteja, na mteja aliacha kusoma herufi ukutani, akageuka kuangalia nje.

"Ingia," nilimnong'oneza.

"Samahani, mzee wangu," akaninong'oneza naye, akageuka, akaondoka. Mke wangu akageuka, akaondoka nyuma yake. Niliwakuta kwenye mlango wa buluu, wote wawili wamevua kiatu cha kulia.

Usiku mke wangu alikaa kitandani akilikanda goti kwa kiganja. Halikuwa linauma. Alilikanda tu.

"Umeona ninavyotembea siku hizi?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Nilikuwa nimeshasahau kwamba sakafu ni kitu laini. Nilidhani sakafu ni kitu cha kugomba nacho." Akaigusa sakafu kwa kidole cha mguu. "Wasinitolee."

Nilimshika mguu, ule wa kushoto, usio na kesi.

Ijumaa jopo likaja maabara. Walikuwa watatu: mwenyekiti aliyekuwa mzee mmoja mnene wa polepole, mwanamke mmoja aliyekuwa na saa mkononi na nyingine shingoni, na bwana mmoja ambaye kazi yake sikuijua maana hakutamka neno tangu mwanzo hadi mwisho. Mke wangu alipanda ngazi, akashuka, akachuchumaa, akaruka kamba. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa akiridhika.

"Kanuni zetu zinauliza kwanza kama goti linatembea," alisema.

"Linatembea sana," nilijibu, Daktari akanikanyaga mguu.

Saa kumi ikagonga. Goti likanyanyuka. Mke wangu alishika meza, meza ikasogea naye. Alishika mlango, mlango ukafunguka. "Ndiyo hii tuliyoisikia," yule mwanamke wa saa alisema, akabonyeza ile ya shingoni, na jopo zima likatoka nyuma ya mke wangu. Samahani naye akatoka, hakuweza kufanya lingine, ndiyo ilikuwa saa yake ya kutoka kazini. Tulipita kichochoroni kwa mstari mmoja. Kwenye kona tuliyapisha magari yasiyokuwepo. Penye lile shimo lililozibwa mke wangu aliruka, Samahani akaruka, na kwa kuwa waliotangulia wameruka, mwenyekiti naye akaruka.

Tukafika dukani. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

Mwenyekiti alitazama kwa muda. "Daktari," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha, "hili halimtii mwenyewe. Sina namna. Itabidi litolewe."

Mke wangu alisikia. Akiwa hivyohivyo anakwenda mbele na kurudi, akamgeuzia Samahani uso. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi nimewekewa woga wako mguuni. Nimeubeba kazini, nimeubeba barabarani, nimevua nao kiatu mlangoni pa watu. Mimi woga wangu ninao, nilikuja nao mwenyewe, unanitosha. Huu ni wako. Uchukue."

Samahani akafungua kifungo cha juu cha koti. Akakifunga. Akapiga hatua mbele, akaanza kurudi nyuma, na nikaona kisigino chake kimekataa kutua. Kilibaki hewani. Halafu akatua mbele, akaingia dukani kwa kasi kubwa mno, na mke wangu akaingia nyuma yake kwa kasi ileile, wakakaribia kuiangusha meza ya fremu.

"Samahani," alisema. "Naomba kupimwa macho."

Dada wa miwani alimtazama kwa muda. Akamwonyesha kiti. Sisi wote tukaingia tukajipanga ukutani, jopo na sisi, duka likajaa.

"Soma herufi ya juu kabisa."

"Siioni."

"Ile kubwa. Kubwa kama mlango."

"Samahani. Ziko wapi?"

"Kwenye ubao."

"Ubao gani?"

Dada wa miwani akaweka chini fimbo yake ya kuonyeshea herufi. "Kwa hiyo siku zote ulizosimama pale nje, ulikuwa unaona nini?"

"Naona kuna mtu," alisema Samahani. "Naona rangi ya nguo."

"Sasa ulijuaje kama ni mimi?"

"Mlango ukiwa wazi nakusikia. Unavyobishana na wateja. Kuna siku ulimwambia mzee mmoja kwamba haoni vibaya, anaona vizuri mambo yasiyomhusu. Nilikwenda nyumbani nacheka. Kesho yake nikarudi nisikie mengine."

Dada wa miwani alichagua vioo, akaviweka kimoja kimoja kwenye ile fremu nzito ya kupimia, akamvisha. Samahani akanyanyua uso. Alimtazama kwa muda mrefu hivi kwamba yule mwanamke wa jopo aliitazama saa.

"Samahani," alisema.

"Ya nini?"

"Sijui. Nimezoea."

Wakati huo wote nilikuwa nimemsahau mke wangu, nadhani hata yeye alikuwa amejisahau. Alisimama katikati ya duka, kimya, miguu yote miwili chini. Hakuna mbele, hakuna nyuma. Daktari wa Vitu alipiga magoti akaligusa goti kwa vidole viwili, kama anayepima joto la mtoto. "Limelegea," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwenyekiti akakohoa. "Tusiharakishe. Saa kumi imeshapita, pengine limechoka tu. Mama, kaa."

Mke wangu akakaa.

"Simama."

Akasimama.

"Nenda mlangoni."

Akaenda mlangoni.

"Rudi."

Hakurudi. Alisimama pale mlangoni ametugeuzia mgongo, anatazama nje. Yule bwana asiyesema alishika kalamu. Daktari alinishika mkono.

"Mama," mwenyekiti alisema, "goti limekwama?"

"Halijakwama."

"Basi rudi."

"Mnaniambia kaa, simama, nenda, rudi, kama vile mimi ndiye niliyeoteshwa kwenye jeli," mke wangu alisema, bila kugeuka. "Nimesimama kwa sababu nataka kusimama. Nje kuna upepo mzuri. Nikitaka kurudi nitarudi."

Mwenyekiti akawaza. Akamwangalia mwanamke wa saa, akamwangalia bwana asiyesema, halafu akaangalia mgongo wa mke wangu kwa muda.

"Linamtii mwenyewe," alisema mwishowe. "Andikeni hivyo."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa kitu anachokijua, akatoka. Nikawaaga waliokuwa dukani, nikatoka nyuma yake. Alipofika njia panda akakata kulia, barabara ambayo haiendi kwetu wala haiendi kwa mtu yeyote tunayemfahamu, akitembea kwa haraka, mikono nyuma. Nikakaza mwendo nimfikie. Nilitaka kumuuliza tunakwenda wapi, nikaona ananitazama kwa pembe ya jicho akisubiri niulize, basi sikuuliza.